Kiwanja Kipo Wazi

Ruthu Chibago aliandika barua ile Ijumaa mchana, akiwa na haraka ya kuwahi gari la Kongwa, kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa huko. Hakuwa mvivu. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa utendaji wa mtaa katika mji mdogo wa Ng'ongolo, na watu walimjua kama binti anayefungua ofisi mapema na kufunga watu wote wakiwa wamekwisha kuhudumiwa.

Ofisi ya ardhi ya mji ilikuwa imeuliza kama kiwanja namba 47, kilicho chini ya lambo, kina mtu. Ruthu akatoa kwenye faili orodha ya viwanja, ile iliyoandikwa kwa mkono na wapimaji zamani, akashuka nayo kwa kidole mpaka arobaini na saba. Mbele ya namba palikuwa na neno moja tu: wazi.

Akafungua kwenye kompyuta barua ya zamani, akabadilisha namba na tarehe, na maneno mengine akayaacha yalivyokuwa. Barua ikasomeka: "Baada ya kukagua eneo husika, ofisi hii inathibitisha kwamba kiwanja namba 47 kipo wazi." Akasaini, akagonga muhuri, akakimbilia stendi. Gari alilipata. Mama yake alipona baada ya wiki mbili, na ile barua ikamtoka kabisa akilini.

Hiyo ilikuwa Desemba. Mwezi wa sita, wakati mtama umekwisha kukauka na watu wanaubeba kutoka mashambani, wanawake saba waliingia ofisini kwake kwa pamoja. Aliyewatangulia ni Bibi Loisi Ndahani, mwanamke wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo watu walizoea kunyamaza ili waisikie.

"Mbukwa, mjukuu wangu," alisalimia Bibi Loisi kwa Kigogo.

"Shikamoo, bibi. Karibuni mkae."

"Hatukai. Njoo utuambie nani amechimba mtaro katikati ya uwanja wetu."

Ruthu akaenda nao. Alikuwa amepita pale mara nyingi bila kujua namba yake. Palikuwa ni uwanja mgumu wa udongo mwekundu, uliosuguliwa na miguu ya miaka mingi. Hapo ndipo wanawake wa upande wa chini walipopurea mtama wao kila mwaka. Mbuzi na ng'ombe walipita hapo kwenda kunywa maji lamboni. Wauguzi walipokuja kuchanja watoto, meza yao iliwekwa hapo, na msiba ukitokea turubai lilifungwa hapohapo. Miezi mingine yote, ukipita saa nne asubuhi, ungeona udongo mtupu na kuku wawili.

Sasa palikuwa na mtaro wa msingi wa nyumba, na rundo la mawe makubwa yaliyopasuliwa. Kando ya mawe alisimama Hashimu Hassani, mtu wa Kondoa aliyehamia Ng'ongolo akiwa kijana, mwenye mashine ndogo ya kukamua alizeti katika chumba cha kupanga karibu na stendi. Mji mzima ulikula mafuta yake. Hakuna aliyewahi kumsikia akigombana.

"Mtendaji, mimi sijavamia," alisema, akimpa Ruthu karatasi kutoka mfuko wa shati. "Nimeomba kiwanja kama wengine. Nimepewa. Barua ya toleo ndiyo hiyo, na nyuma yake kuna ya ofisi yako."

Ruthu akafunua karatasi ya pili. Akaona saini yake. Akasoma maneno "baada ya kukagua", akahisi uso unawaka, akairudisha karatasi. Wanawake walikuwa wakimtazama. Bibi Loisi akamuuliza kama hiyo barua ni yake kweli.

"Ni yangu, bibi."

"Ulikuja hapa lini kukagua?"

Ruthu akasema atakwenda kuangalia mafaili. Lilikuwa jibu la kujificha, na wote walilielewa hivyo.

Baraza la kata likajaribu kuwapatanisha, likashindwa. Wakazi watano, Bibi Loisi akiwa wa kwanza, wakapewa ruhusa ya kusimama kwa niaba ya wenzao, wakafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya dhidi ya ofisi ya ardhi ya mji na dhidi ya Hashimu. Baraza likaamuru ujenzi usimame. Mawe yakabaki pale, na mwaka ule wanawake wakapurea mtama wao pembezoni, wakibanana kati ya mtaro na njia ya ng'ombe, na nafaka nyingi ikamwagika mtaroni.

Wakati huo ndipo Ruthu alipofanya jambo ambalo alipaswa kulifanya Desemba. Aliketi na ile orodha akaisoma yote, kutoka namba moja mpaka mia mbili na kumi na mbili. Viwanja vingi vilikuwa na majina ya watu. Vile ambavyo siku ya kupima havikuwa na mtu, wapimaji hawakuviandikia "wazi". Waliviandikia "hakijagawiwa", na vilikuwa thelathini na kitu. Neno "wazi" lilitokea mara mbili tu katika orodha nzima: mbele ya arobaini na saba, na mbele ya mia moja na tatu. Mia moja na tatu ni pale panapofanyika mnada wa ng'ombe kila Jumatano.

Alibaki akitazama karatasi. Wapimaji hawakuwa wakisema kwamba mahali pale hapana mtu. Walikuwa wakisema ni eneo la wazi, la watu wote, lisilogawiwa mtu mmoja. Yeye alilichukua neno lao akaliweka katika sentensi yake, na huko likageuka.

Akaenda kumwonyesha Erick, afisa wa ofisi ya ardhi ya mji, kijana mwenye adabu aliyependa mambo yaishe bila kelele. Erick akasoma, akakuna kidevu.

"Umeitwa kuwa shahidi?"

"Nimeitwa. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane."

"Basi sikiliza, dada. Wewe sema ulikwenda, ukaangalia, hukukuta mtu wala jengo. Si uongo mkubwa. Hata ungekwenda ungekuta nini? Udongo. Siku hiyo ulikuwa peke yako, hakuna wa kukupinga. Ukisema hukukagua, ofisi yangu itaanguka na wewe utaanguka nayo. Na orodha hii hakuna aliyeiomba."

Ruthu aliondoka akijua kwamba Erick hakumtisha, alimwambia tu mambo yalivyo. Alikuwa na kazi ya kuajiriwa, na mama aliyetegemea bima ya kazi hiyo. Kwa siku tatu alijaribu ile sentensi kichwani, akiwa anafagia, akiwa anapika: nilikwenda, nikaangalia, sikukuta mtu. Ilikuwa fupi na rahisi kutamka. Lakini kila alipoitamka alimwona Bibi Loisi akimuuliza ulikuja lini.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, alikwenda kwa Hashimu.

Mashine ilikuwa ikinguruma na chumba kizima kilinukia alizeti. Mwamvua, mke wa Hashimu, alikuwa akijaza mashudu kwenye magunia kwa ajili ya wafugaji. Hashimu alipomwona Ruthu mlangoni akafuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata mafuta?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia jambo kabla hujalisikia mbele ya watu."

Hashimu akazima mashine. Ukimya ulivyoingia ghafla, Ruthu akatamani angeiacha inaunguruma. Akasimulia yote akiwa amesimama: gari la Kongwa, barua ya zamani, maneno ambayo hakuyafuta, orodha na lile neno lililotokea mara mbili. Akasema kwamba atakapoulizwa atajibu hivyohivyo.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayenivunjia nyumba," alisema Hashimu taratibu.

"Mimi ndiye niliyekuponza, mzee. Hilo lilitokea Desemba."

Mwamvua aliliachia gunia. "Miaka kumi na nne tunapanga chumba hiki," alisema. "Watoto wamezaliwa humu na moshi wa mashine. Hatukumpora mtu. Tulikwenda ofisini mchana, tukajaza fomu, tukasubiri zamu yetu."

"Najua, mama."

"Hujui," alisema Hashimu. Hakuinua sauti. "Na kwa nini umekuja kuniambia? Ungenyamaza ningeyakuta hukohuko."

"Barua ile niliiandika bila kumwona mtu yeyote. Sikutaka na hili nilifanye vilevile."

Hashimu akageuka na kuwasha mashine. "Nenda, mtendaji. Leo sina neno jema la kukupa."

Ruthu alikuwa amefika barabarani Mwamvua alipomfuata, khanga ikiwa imemtoka kichwani kwa haraka.

"Hiyo orodha uliyoisema," aliuliza, "wakili wetu anaweza kuiona?"

"Iko ofisini. Yeyote anayehusika na shauri anaweza kuiona."

Jumatatu, wakili wa Hashimu alifika. Aliitwa Gladness Masima, alisoma sheria Dodoma mjini na bado alibeba vitabu vyake kwenye begi la mgongoni kama mwanafunzi. Alikaa na orodha saa nzima. Alipomaliza aliomba nakala iliyogongwa muhuri, akamwambia Ruthu, "Hii inamwumiza mteja wangu. Lakini ningeikuta siku ya shauri ingemwumiza zaidi." Wiki hiyohiyo aliongeza ombi moja katika majibu yake. Kama baraza litaona kwamba kiwanja hakikupaswa kugawiwa, basi ofisi iliyokigawa impe Hashimu kingine na imlipe gharama za msingi.

Tarehe kumi na nne chumba cha baraza kilijaa. Milango iliachwa wazi na watu wengine wakasimama kwenye veranda. Mwenyekiti alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani, na kushoto na kulia kwake waliketi wajumbe wawili. Mmoja wao alikuwa Mzee Marko, mfugaji mstaafu aliyesikiliza akiwa amefumba macho, kiasi kwamba wageni walidhani amelala.

Gladness alimtetea mteja wake kwa bidii.

"Mheshimiwa mwenyekiti, Mswahili akisema kazi fulani iko wazi, tunaelewa haina mtu. Nafasi ikiwa wazi, anaomba anayetaka. Mteja wangu alisoma barua ya serikali ya mtaa kwa Kiswahili cha kawaida, akaielewa kama mtu yeyote angeielewa."

Mzee Marko akafumbua macho. "Naomba kumuuliza wakili. Duka likiwa wazi, ndiyo kusema halina mwenyewe?"

Watu wakacheka kidogo, wakanyamaza mwenyekiti alipowatazama.

"Hapana, mzee," alijibu Gladness. "Lina mwenyewe, ila kila mtu anaruhusiwa kuingia."

"Basi neno lina kazi mbili."

"Lina kazi nyingi. Ndiyo maana tumefika hapa."

Mwenyekiti akaandika. Kisha akasema kwamba baraza halitaamua kwa kamusi peke yake. Linataka kujua neno lile liliandikwa kwa kusudi gani, na lilifikaje kwenye barua. Akaita shahidi.

Ruthu aliapa akiwa ameshika Biblia. Erick aliketi mstari wa mbele, ametazama chini.

"Barua hii ni yako?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni yangu."

"Inasema, baada ya kukagua. Ulikagua lini?"

"Sikukagua, mheshimiwa."

Mwenyekiti alishusha kalamu. "Rudia, iandikwe vizuri."

"Sikwenda kukagua. Maneno yale yalikuwa kwenye barua nyingine na sikuyafuta. Neno 'wazi' nililikuta kwenye orodha ya wapimaji nikalinakili. Sikujiuliza lina maana gani. Nilikuwa na haraka, lakini haraka haikunilazimisha kusaini."

Akaeleza kuhusu orodha: vile viwanja vya "hakijagawiwa", na vile viwili vya "wazi".

"Na mia moja na tatu ni mahali gani?" aliuliza Mzee Marko, ambaye kwa hakika alikuwa akijua, maana ng'ombe wake wengi waliuzwa hapo.

"Ni uwanja wa mnada."

"Kuna aliyewahi kuomba kujenga mnadani?"

"Hapana, mzee."

Bibi Loisi alipoitwa hakuzungumzia karatasi. Alitaja majina ya wanawake waliopurea mtama pale, mama yake na shangazi zake, kisha akataja misiba iliyokaliwa pale. Mwishoni akasema, "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na Hashimu. Mafuta yake ndiyo ninayopikia mlenda. Nataka tu tusipoteze mahali pa kukutana."

Wiki iliyofuata baraza lilikuja lenyewe Ng'ongolo. Mwenyekiti alitembea uwanjani na karatasi zake, akapima kwa macho njia ya ng'ombe, akachota udongo mkononi kando ya mtaro na kukuta ndani yake mbegu za mtama. Mzee Marko alimuuliza mama aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni kama anapajua pale. Mama yule alisema mtoto wake alichanjwa hapo mwezi uliopita. Hakujua kwamba anatoa ushahidi.

Uamuzi ulisomwa mwishoni mwa Septemba, mbele ya watu wote. Mwenyekiti alisema neno "wazi" lina maana zaidi ya moja, na kila maana ni halali mahali pake, lakini katika orodha ile lilitumika kwa maana ya eneo lililotengwa kwa matumizi ya wote. Eneo la namna hiyo haligeuki kuwa la mtu kwa sababu siku moja limeonekana tupu. Kubadilisha matumizi yake kunahitaji taratibu, na wananchi kuambiwa na kusikilizwa, na hakuna lililofanyika kati ya hayo. Kiwanja 47 kibaki eneo la wazi. Hashimu hakuwa na kosa. Ofisi iliyomgawia impe kiwanja kingine ndani ya siku sitini na imrudishie gharama za msingi.

Bibi Loisi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hashimu alitoka nje, Mwamvua akiwa nyuma yake. Ruthu aliwaona wakisimama juani, Gladness akiwaeleza jambo kwa mikono miwili, na Hashimu akitikisa kichwa polepole.

Baada ya siku chache Ruthu aliitwa na wakubwa wake. Alipewa onyo la maandishi, likawekwa kwenye jalada lake. Alilitegemea, hata hivyo lilimuuma, akalia kidogo chooni kabla ya kurudi mezani. Kazi hakufukuzwa. Aliporudi aliifuta ile barua ya zamani kwenye kompyuta. Kisha akabandika orodha ya viwanja kwenye ubao wa nje, chini ya nailoni, kila mtu aisome. Siku ya kwanza watu walisimama mpaka jioni wakitafuta majina ya baba zao. Erick alipita, akasoma kwa muda mrefu, akaondoka. Kesho yake alileta kwa mkono wake hati ya kiwanja kipya cha Hashimu, namba 118, upande wa juu karibu na bomba la maji, na ramani yake. "Hiki nimekikanyaga mwenyewe," alimwambia Ruthu.

Yakabaki mawe. Hashimu alikuwa amekodi mkokoteni wa punda mmoja, na kwa mkokoteni huo kazi ingechukua wiki mbili. Bibi Loisi akapita nyumba kwa nyumba. Aliwaambia watu kwamba yale mawe yakibaki pale mpaka mavuno hawatakuwa na pa kupurea, na kwamba aliyeyaleta hakuyaleta kwa ubaya. Wengine walisita. Mwanamke mmoja alisema wameshashinda, kwa nini wabebe tena. Bibi Loisi akamjibu, "Tumeshinda kiwanja. Jirani je?"

Jumamosi Hashimu alipofika na punda wake alikuta watu zaidi ya arobaini. Walikuwa na mikokoteni minne, machela ya magunia, na wengine mikono mitupu. Alisimama akiwa ameshika kamba ya punda, hakujua aanzie wapi. Bibi Loisi akamsogelea.

"Hashimu, huu ni msaragambo. Tuonyeshe kwako ni wapi."

"Bibi," alisema Hashimu. Alitaka kusema zaidi, lakini mstari ulikuwa umekwisha kuanza kupanda mlima mdogo kuelekea bombani, kila mtu na jiwe lake, na Mwamvua ikabidi akimbie mbele kuwaonyesha njia.

Ruthu alibeba mawe mpaka mabega yakamuuma. Alikuwa hajazungumza na Hashimu tangu ile asubuhi ya mashine, na alijitahidi kubaki upande mwingine wa kazi. Mtaro wa zamani ulifukiwa kabla ya saa sita, na watoto wakatumwa kuukanyagakanyaga mpaka udongo ukakaza. Huko juu, wanawake walipika ugali wa uwele na mlenda, na Mwamvua akaleta dumu zima la mafuta, akalifungua, akasema hakuna kupima.

Baada ya kula, fundi alianza kutandaza kamba ya msingi mpya. Alihitaji mtu wa kushikilia kona ya mbali. Hashimu alitazama huku na huku, akamwona Ruthu akinawa mikono bombani.

"Mtendaji," aliita. "Njoo ushike hapa."

Akaja. Hashimu akampa kigingi cha chuma chenye kamba, akamwonyesha pa kukikandamiza.

"Hapa ni chumba cha mashine," alisema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya kawaida. "Nyumba itakuwa kule, mbali na moshi. Mwamvua ametaka madirisha mawili kila chumba. Nimemwambia baridi ya Julai itatumaliza, amekataa kusikia."

"Mawili ni mazuri, mzee," alisema Ruthu.

"Basi mmekuwa wawili," alisema Hashimu. "Vuta kidogo. Vuta tena. Hapo."

Ruthu akakikandamiza kigingi kwa mikono yote miwili, na kamba ikanyooka.